Ususi wa Bibi Usifukiwe na Bibi

Wilayani Ngara, WomenCraft inawakusanya wasusi wanawake wa mpakani, Watanzania, Warundi na Wanyarwanda. Vikapu vyao vya nyasi huuzwa hadi ng'ambo. Ni ardhi ile ile iliyopokea, mwaka 1994, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi waliovuka daraja la Rusumo.

Tunaitaja kwa kuwa miradi mingi ya sanaa vijijini huzaliwa kwa fulana na hotuba, ikafa siku mfadhili anapofunga mizigo. Wenyeji walialikwa kushangilia, hawakushauriwa.

Basi tukianzisha kikundi, iwe Nyabusozi au kwingineko, tushike mambo matatu. Kwanza, wasusi wenyewe wapange bei na washike daftari la hesabu. Pili, nyasi zikatwe kwa zamu, mizizi isiguswe, bonde lisibaki tupu. Tumefunzwa kutofanya israfu ya maji hata tukitawadha penye mto upitao. Seuze nyasi ambazo wajukuu wetu nao watazihitaji? Tatu, kila mama amfundishe japo kijana mmoja.

Hili la tatu halihitaji mfadhili. Wazazi, likizo hii mketisheni binti karibu na bibi yake, mkekani, ajifunze kuanza kitako cha kikapu. Nakshi iliyozikwa na mwenyewe hainunuliki kwa fedha yoyote.

Wabillahi tawfiq.