Piga picha, usikanyage shamba

Kila majira ya kuchipua, picha za tulipu za Uholanzi hujaa kwenye simu zetu, na ndugu zetu wanaoishi au kutembea Ulaya nao wamo. Sina ugomvi na picha. Mimi mwenyewe napenda kupiga. Ugomvi wangu ni na wanaoingia shambani.

Keukenhof, huko Lisse, ni bustani ya hekta 32, na kila mwaka hupandwa vitunguu vya maua vipatavyo milioni 7. Hufunguliwa kwa takriban wiki nane tu, kuanzia mwezi Machi. Humo njia zipo, na mpiga picha hakosi kitu. Nenda asubuhi na mapema, piga goti hadi kamera ilingane na ua, utaona mishipa myembamba ya petali na umande uliotuama ndani yake.

Mashamba yaliyo nje ya bustani ni jambo jingine. Hayo ni mali ya wakulima, na wanachouza hasa ni kitunguu kilicho ardhini. Ndiyo maana maua hukatwa vichwa yakishachanua, ili nguvu irudi chini. Anayepita katikati ya matuta huvunja majani yanayolisha kitunguu hicho. Wakulima wameweka vibao na vizuizi, bado wapo wanaoruka.

Kwetu hakuna anayekubali mgeni akanyage mpunga wake kwa ajili ya picha. Nasi tukiwa wageni, tusimame kandokando. Lenzi ivute maua karibu. Miguu ibaki njiani.