Sinema na Mtu Aliyechoka Kuishi

Wakazi wa Rusizi II, wilayani Rusizi ambako wazee bado hupaita Cyangugu, wamezoea maisha ya mto na mpaka. Malori husubiri zamu ya kuvuka daraja kuelekea Bukavu, akina mama hupita na vikapu vyao, na askari hukagua hati za wasafiri mchana kutwa. Kazi ikiisha, burudani iliyo karibu ni filamu: nyumbani kwenye televisheni, kwenye simu, au katika chumba cha video huko Kamembe. Nyingi huwa zimefasiriwa kwa Kinyarwanda na msimulizi mmoja anayesema kwa niaba ya waigizaji wote. Filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, na Uganda na Tanzania nazo zina wasimulizi wao. Familia hukaa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na mara nyingi hakuna aulizaye kilichomo mpaka kimekwisha kuonekana.

Kimojawapo cha vilivyomo ni kifo cha mtu aliyejiua, nacho huja kwa mtindo ule ule. Binti ameachwa na mchumba; mfanyabiashara amefilisika; askari ameaibishwa mbele ya wenzake. Dakika kumi baadaye muziki unapanda, barua inasomwa kwa sauti ya kusikitisha, na mhusika amekwisha kufa. Sababu ni moja tu na njia ni fupi, tena aliyekufa huonekana mwenye heshima kuliko alivyokuwa hai. Miezi iliyotangulia kifo hicho, ambayo ndiyo miezi ambamo mke, rafiki au mkuu wa kikosi angeweza kufanya jambo, haionyeshwi kabisa.

Ugonjwa wenyewe haufanani na hayo. Kwa Kiswahili huitwa sonona. Wanyarwanda husema agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi, nao wanalo neno jingine, ihahamuka, lililoenea baada ya mwaka 1994 kwa wale ambao kumbukumbu za maafa huwarudia na kuwakaba pumzi. Mwenye sonona si lazima alie. Huamka kabla ya jogoo na kukodolea macho dari, huacha chakula, hukasirishwa na kelele za watoto, husahau aliloagizwa. Askari aweza kuendelea kupiga saluti na kung'arisha viatu kwa muda mrefu huku moyoni amekwisha choka. Wala si jambo la watu wachache: uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2018 ulikuta dalili za sonona kwa asilimia 12 ya watu kwa jumla, na kwa asilimia 35 ya walionusurika mauaji ya kimbari.

Hapo ndipo usimulizi wa agasobanuye unapoleta hasara isiyokusudiwa. Msimulizi hodari hupendwa kwa uchangamfu wake, na ukimya kwake ni adui. Lakini katika filamu iliyotengenezwa vizuri huzuni ya namna hii huonyeshwa kwa ukimya: mtu amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi, hakivai wala hakiweki chini. Msimulizi hulijaza pengo hilo kwa mzaha, na chumba kizima kikacheka. Nia yake si mbaya, kwani anatafuta riziki. Hata hivyo kijana aliyeketi pembeni, ambaye asubuhi ile naye alikaa vivyo hivyo na kiatu mkononi, amekwisha ambiwa kwamba hali yake ni kichekesho.

Ipo filamu moja inayostahili kutazamwa na kila nyumba ya askari, ingawa si nyepesi kuitazama. Inaitwa Shake Hands with the Devil, iliongozwa na Roger Spottiswoode na kutolewa mwaka 2007, na ilipigwa Kigali penyewe. Inamhusu Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda tangu Oktoba 1993 hadi Agosti 1994. Mwigizaji Roy Dupuis haonyeshi shujaa wa kupiga bunduki. Anaonyesha ofisa aliyeomba nguvu za kuokoa watu akanyimwa, kisha anaonekana akiwa mbele ya mtabibu, akitafuta maneno ya kueleza aliyoyaona.

Yaliyompata jenerali huyo katika maisha halisi yanafundisha zaidi ya filamu. Aprili 2000 aliachishwa jeshi kwa sababu za afya. Miezi miwili baadaye alikutwa amelewa na kupoteza fahamu chini ya benchi la bustani mjini Hull, Quebec. Yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba alijaribu kujiua zaidi ya mara moja. Basi huyu si kuruta aliyeogopa mlio wa kwanza wa risasi. Ni jenerali, mtoto wa askari, ambaye katikati ya mauaji alikataa kuondoka Rwanda na kubaki na watu wachache. Mtu akimwita mwoga itabidi atafute maana mpya ya neno hilo. Kisha akatibiwa, kwa dawa na kwa mazungumzo marefu na wataalamu. Akaandika kitabu mwaka 2003, akarudi Rwanda Aprili 2004 akifuatwa na wapiga picha wa filamu ya kumbukumbu, akawa seneta mwaka 2005, na mwaka 2016 akatoa kitabu kingine akikiri kwamba vita vyake na ugonjwa havijaisha. Watengenezaji wa filamu hawapendi sehemu hiyo ya mwisho. Mtu anayemeza kidonge kila asubuhi na kwenda kazini hapigiwi muziki wowote.

Filamu ya pili inahusu nchi iliyo ng'ambo ya daraja. Ni ya Mnyarwanda Joël Karekezi, The Mercy of the Jungle ya mwaka 2018, iliyopata tuzo kuu katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2019. Sajini Xavier na askari kijana Faustin wanaachwa na kikosi chao katika misitu ya Kongo mwaka 1998. Njaa na malaria vinawaandama, lakini mzigo mzito zaidi wa sajini ni ule aliokuja nao: vita vingi mno kwa mtu mmoja. Ubora wa filamu hii ni kwamba kijana yule anamwona. Hana elimu ya utabibu. Anakaa karibu tu, anauliza, anangoja jibu. Ndilo jambo ambalo kambi nyingi hukosa, maana desturi ya jeshi ni kuuliza kuhusu mguu uliovimba na kunyamazia usiku usio na usingizi.

Kivu Ruhorahoza naye, katika Matière Grise ya mwaka 2011, alimwonyesha kijana asiyevua kofia yake ya pikipiki, huku dada yake akihangaika kumtunza. Katika filamu hiyo hiyo mtengenezaji sinema ananyimwa fedha na serikali, inayotaka filamu za kufundisha jambo. Watumishi wa ofisi zetu wanaopenda kila mchoro uwe na fundisho wangefaa kuitazama sehemu hiyo mara mbili.

Limebaki suala la ahera. Tangu Living in Bondage ya Nigeria mwaka 1992, ambamo mke aliyetolewa kafara anarudi kumtesa mumewe, mizimu ya kulipa kisasi imejaa katika filamu zinazotazamwa Afrika Mashariki. Wazee wa Rwanda walisimulia kwamba waliotawazwa katika ibada ya Ryangombe huenda kukaa juu ya Karisimbi, na wengine hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Wakristo na Waislamu wana mafundisho yao. Katika mapokeo hayo mwenye kufa hahesabiwi kuwa mtazamaji wa matanga yake, ameketi kwenye kona akifurahia machozi ya waliomwudhi. Hayo ni ya sinema. Lakini mtoto wa miaka kumi na mitano aliyegombezwa na baba yake huyachukua kwa uzito, akawaza, "Nikifa watajuta," kana kwamba atakuwapo kuwaona wakijuta.

Madhara ya picha za namna hiyo yamepimwa. Ujerumani Magharibi ilionyesha mwaka 1981 mchezo wa televisheni wa sehemu sita kuhusu mwanafunzi aliyejiua, na watafiti wakaona vijana wa kiume wa rika lake waliokufa kwa namna ile ile wameongezeka. Ulipoonyeshwa tena mwaka 1982 idadi ikapanda tena. Mfululizo wa Marekani, 13 Reasons Why wa mwaka 2017, ambamo binti aliyekufa anawashtaki wenzake kwa kanda za sauti, uliondolewa tukio la kifo chenyewe Julai 2019, baada ya malalamiko ya waganga na wazazi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watengenezaji wa filamu. Hali kadhalika, mwaka 2010 watafiti wa Vienna walionyesha kwamba habari za watu waliofikia ukingo wa kujiua kisha wakapata njia nyingine huweza kupunguza vifo. Wakaipa faida hiyo jina la Papageno, mhusika wa opera ya Mozart anayezuiwa kufa na watoto watatu wanaomkumbusha njia aliyoisahau.

Kwa hiyo mzazi anayeona tukio la namna hiyo likianza si lazima azime televisheni kwa makelele. Aweza kungoja liishe, akauliza waliotazama wameonaje. Na akiwa na shaka juu ya mmoja wao, amwulize faraghani, waziwazi: je, umewahi kufikiri kujiua? Wataalamu wamehakikisha kwamba swali hilo halimtii mtu wazo asilokuwa nalo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Polisi nao watambue kwamba mtu aliyeokolewa ni mgonjwa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 kilichomfanya mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinapingana na katiba. Mkuu wa kikosi anayempumzisha askari aliyevunjika mkono asione ajabu kumtunzia silaha askari mwenye sonona, kwa muda, bila kumtangaza gwarideni.

Kwa jamaa za Rusizi II, hospitali ya Gihundwe iliyoko Kamembe si mbali, na mgonjwa aliyezidiwa aweza kupelekwa Ndera, karibu na Kigali. Askari akikataa kwenda peke yake, mkewe au mwenzake wa zamu aende naye siku ya kwanza, akae naye kwenye benchi mpaka jina liitwe.