Udaktari kwa alama D: Kuomba si kupata

MATOKEO ya kidato cha sita yanapotangazwa, swali linalozikuta familia nyingi za Tabata ni hili: kijana mwenye D tatu za PCB aombe udaktari au aache?

Kanuni inamruhusu. D huhesabiwa pointi 2, hivyo Fizikia, Kemia na Baiolojia humfikisha kwenye pointi 6, kima cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Lakini kima hicho ni ruhusa ya kuomba tu. Muhimbili waombaji huzidi nafasi, nao wenye alama za juu hutangulia. Hapo ndipo ada za maombi huteketea.

Njia nyingine ni stashahada ya utabibu, miaka 3, kisha shahada ya miaka 5 na mwaka wa mazoezi hospitalini: miaka 9 badala ya 6. Wazazi huiona kuwa ni kushuka hadhi, ingawa kijana huyo hupata taaluma ya ofisa tabibu kabla ya kurudi kuomba shahada, safari hii kwa ufaulu wa stashahada. Cheti cha kidato cha nne nacho kitolewe kabatini, kwa kuwa alama zake za sayansi huangaliwa pia.