Tumetoa Damu, Sasa Tutoe Wataalamu

Mimi ni mzaliwa wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, nami nina neno kuhusu masomo ya sayansi.

Mwaka juzi mjomba wangu alifariki. Tumbo lilimvimba, macho yakawa manjano, majirani wakasema amerogwa. Tulizunguka kwa waganga hata fedha za kakao zikaisha. Alipopimwa hospitali alikutwa na homa ya ini ya aina ya B, nalo ini lilikwisha haribika.

Baadaye mwalimu wetu wa Baiolojia alitufundisha jambo lililonishangaza. Kirusi chenyewe si kiharibifu kikubwa cha ini. Ini huumizwa hasa na kinga ya mwili inapokipiga, kama askari wamfukuzao mwizi huku wakibomoa nyumba. Tena mtoto mchanga akiambukizwa, aghalabu kirusi humkalia maisha, bali mtu mzima mara nyingi hukishinda. Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya watafiti wa shahada ya uzamivu. Chanjo ya watoto wachanga ilianza nchini mwaka 2002. Mimi niliipata, mjomba alizaliwa mapema mno.

Wako wasemao utafiti ni kazi ya wageni. Sikubali. Kati ya 2006 na 2011 watu wa Kyela walitoa damu kwa watafiti wa Mbeya na wenzao wa Munich. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wenye minyoo ya matende walipata VVU kiasi cha mara mbili kuliko wasio nayo. Dunia ilijifunza kwa damu yetu. Je, kwa nini tusiwe pia washika darubini?

Wenzangu wengi waliacha Fizikia na Kemia tulipoingia Kidato cha Tatu. Najua njia ni ndefu: Kidato cha Sita, udaktari miaka mitano, mwaka wa mazoezi hospitalini, uzamili, ndipo uzamivu. Mzazi atauliza, "Mwanangu, mpunga atavuna nani?" Nami najibu kwa heshima: Baba, mpunga huvunwa kila mwaka, lakini mjomba hatarudi.

Likizo hii nitawaomba kaka na dada zangu waliozaliwa kabla ya 2002 wakapimwe. Nanyi wanafunzi wenzangu, fanyeni vivyo hivyo, kisha mrudi tushike vitabu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne