Programu Haijaharibika, Imehama Tu

Wasee, nina maoni na najua kuna watu hawatayapenda: ukihamisha programu kwa seva mpya na ikatae kuwaka, usikimbilie kodi. Kodi ya kompyuta, sio ile ya mwenye nyumba. Hiyo lipa.

Jana ilikuwa inafanya kazi. Leo iko kwa seva mpya na unaona ukurasa mweupe. Msee anafanya nini? Anafungua laptopu, anabadilisha mistari mitatu, anapandisha tena. Wapi. Anabandika kosa kwa ChatGPT, anapewa mistari mingine kumi, anaiweka yote bila kuisoma. Ikifika saa nane usiku ako na shida mbili: ile iliyokuwepo na ile ametengeneza mwenyewe. Na hawezi kuzitofautisha.

Sasa fikiria umehama kutoka Rongai hadi Kasarani. Friji ilikuwa poa asubuhi. Umefika, umeichomeka, haiwaki. Utaifungua na bisibisi kabla hujaangalia kama mita iko na tokeni?

Programu ni vile vile. Kodi haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni nyumba, na nyumba ya zamani ilikuwa inakufanyia vitu ambavyo hukuwahi kuviona.

Hii tuliiona wazi Heroku ilipofunga mipango yake ya bure tarehe 28 Novemba 2022. Watu walihamia Render, Railway, Fly.io na kwingine. Heroku husoma amri ya kuwasha programu kwenye faili inaitwa Procfile. Ukienda Render, hiyo amri unaiweka mwenyewe kwa mipangilio. Kama ilikuwa imejificha kwa Procfile na huikumbuki, programu yako imefika salama lakini hakuna mtu ameiambia iamke.

Kwa hivyo angalia vitu vilivyobaki nyuma, kimoja kimoja.

Anza na poti. Seva huipa programu namba ya mlango kupitia PORT. Kwa Render, kawaida huwa 10000. Kama uliandika 3000 kwa mkono, seva inabisha mlango mmoja na wewe umekaa nyuma ya mwingine. Halafu kama programu inasikiliza 127.0.0.1, umejifungia ndani, kwa sababu hiyo anwani husikia mashine yenyewe tu. Weka 0.0.0.0. Ndio, hapa utagusa kodi. Lakini ni mstari mmoja, na unajua kwa nini.

Pili, siri zako. Nenosiri la databesi na funguo za M-Pesa zinakaa kwa faili ya .env, na hiyo faili haifai kupanda GitHub. Basi seva mpya itazitoa wapi? Ziingize kwa mipangilio yake, moja baada ya nyingine, na uangalie herufi. DATABASE_URL na DB_URL sio kitu kimoja.

Tatu, databesi yenyewe. MongoDB Atlas hukubali tu anwani za IP ambazo umeziweka kwa orodha yake. Seva mpya ina anwani mpya, kwa hivyo inafungiwa nje kama mgeni. Ukitumia Mongoose, kwa kawaida itangoja sekunde 30 ndio ikupe kosa, na wewe hapo unafikiri kodi imekwama.

Nne, matoleo. Kama requirements.txt yako haina namba za matoleo, seva mpya itakuwekea yale mapya kabisa. SQLAlchemy ilipofika 1.4 mwaka wa 2021, iliacha kukubali anwani ya databesi inayoanza na postgres://. Inataka postgresql://. Herufi mbili tu, na programu nzima inalala.

Tano, majina ya faili. Kwa Windows, Menu.js na menu.js ni mtu mmoja. Kwa Linux, ambayo ndiyo iko kwa seva nyingi, hao ni watu wawili tofauti.

Utajua ni gani kati ya hizi aje? Soma logi. Na usisome mstari wa mwisho pekee. Kwa Node, ile mistari ya npm ya mwisho mara nyingi inakuambia tu kwamba programu imekufa. Kilichoiua kiko juu yake. Tafuta kosa la kwanza, rekebisha hilo moja, washa tena, angalia. Inaonekana polepole lakini ndio njia ya haraka.

Na kabla ya haya yote: usizime seva ya zamani mpaka mpya isimame. Mama anayeuza keki kupitia tovuti yako hajali unajifunza nini. Jumamosi moja bila oda ni pesa ya unga imeenda, na mteja aliyepata ukurasa mweupe ashanunua kwingine. Mimi niliacha chuo, na tovuti ikiwa chini sijawahi kuulizwa cheti. Swali huwa ni moja: inarudi saa ngapi?

Ndio maana naamini hivi: orodha ya vitu programu inahitaji ili iwake ni mali ya mteja. Amri ya kuwasha, majina ya siri zote, toleo la lugha, databesi iko wapi. Amelipia. Kuna madeva wanaiweka kichwani makusudi ili mteja asiweze kuhama bila wao. Wanaita hiyo kujilinda kazi. Mimi naita kumshika mtu mateka.

Leo kabla hujalala, andika hiyo orodha ya mradi wako mmoja. Halafu mpe rafiki aiwashe kwa mashine yake bila kukuuliza kitu. Pale atakapokwama, hapo ndipo seva mpya ingekukwamisha pia.

Unabisha? Leta sababu.