Uvimbe Mmoja, Safari Mbili



Kila Oktoba tunavaa mitandio ya waridi na kukumbushana kujipapasa matiti. Jambo zuri, wala hatuliachi. Mwari akikaa kwa somo wake, katikati ya singo na liwa, afundishwe na hili pia. Lakini akikuta uvimbe, halafu?

Sisi wa Unguja njia tunaijua: Mnazi Mmoja kwanza, na kwa mionzi wengi wetu tumepanda boti kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Tunalalamika, na haki tunayo. Ila boti ni kama saa mbili tu.

Wale vijana wa Kimasai wanaotuuzia makubadhi ya shanga pwani wana mama na dada kwao bara. Mfikirieni mwanamke wa Arash, kata ya wafugaji huko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Hospitali anayoikimbilia ni Wasso. Kutoka hapo kufika Arusha mjini ni safari ya kutwa, na Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Dripu za saratani mara nyingi hurudiwa kila baada ya wiki tatu. Alale wapi? Nani amkamulie ng'ombe, nani amlelee watoto? Matibabu yanaweza kupata msamaha, nauli haina msamaha. Auze mbuzi, na pengine mwenye kauli juu ya mbuzi si yeye.

Ndiyo maana tunakereka tukisikia kwamba wanawake wa vijijini wanachelewa kwa ujinga. Ni kweli wagonjwa wengi nchini hufika saratani ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Na haya je? Kumfunulia daktari mwanamume kifua kunatutia haya hata sisi, tunaoishi jirani na hospitali.

Tunavyoona sisi, utepe wa waridi bila nauli ni pambo. Sadaka ya namna hii hatuoni sababu ya kuulizia dini ya mgonjwa. Maafisa ustawi wa jamii wa hospitali wanawajua walioshindwa kurudi, waulizeni. Na mabibi harusi wetu, kwenye bajeti ya shughuli ongezeni mstari mmoja. Keki ikipungua ghorofa moja, mtu atarudi kwa dripu ya pili.