Mume Mwenye Kazi Mbili

Akina mama wenzetu, katika nyumba nyingi Jumamosi jioni redio au televisheni huwa ya baba. Yeye na watoto hufuatilia mpira wa Ulaya, nasi tunaendelea na shughuli zetu huku tukisikia majina ya wachezaji matajiri. Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya wachezaji wasio matajiri, na hasa mmoja wao na mkewe, kwa maana maisha yao yanafanana na yetu kuliko tunavyodhani.

Ligi ya Uskoti ina klabu 42 katika madaraja manne. Daraja la juu lina klabu 12, na yale matatu ya chini yana klabu 10 kila moja. Katika madaraja mawili ya mwisho wachezaji wengi hawaishi kwa mpira. Kiungo anayekimbia katikati ya uwanja siku ya Jumamosi, huenda Jumatatu ni seremala, mwalimu au fundi bomba. Mazoezi hufanyika jioni, baada ya kazi. Fedha za mpira ni za kuongezea tu zile za nyumbani. Kwa hiyo mke wa mchezaji huyo anamkosa mchana kwa ajili ya kazi, anamkosa jioni kwa ajili ya mazoezi, na mwisho wa juma anamkosa tena. Je, si wengi wetu tunayajua maisha hayo? Kwetu badala ya mpira huwa ni duka, teksi, shamba la mbali au kazi ya ulinzi ya usiku.

Sasa tumtazame Jock Stein. Alizaliwa mwaka 1922 huko Burnbank, karibu na mji wa Hamilton, sehemu ya wachimba makaa ya mawe. Akiwa bado kijana aliingia mgodini kama wanaume wengi wa kwao. Mwaka 1942 alijiunga na Albion Rovers, klabu ndogo ya mji wa Coatbridge, akicheza katikati ya safu ya nyuma. Kwa miaka minane alishika kazi zote mbili: siku za kazi yuko chini ya ardhi, Jumamosi yuko uwanjani. Mwaka 1946 alimwoa Jean, na wakajaliwa binti na mwana wa kiume.

Mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 27, alipata kwa mara ya kwanza nafasi ya kuishi kwa mpira peke yake. Lakini nafasi hiyo ilikuwa mbali, Wales, katika klabu ya Llanelli ambayo hata haikuwa katika Ligi ya Uingereza. Nyumba yao ilibaki Hamilton. Walipokuwa huko ugenini wezi waliivunja nyumba hiyo, na Jean akataka warudi kwao.

Hapa ndipo tunapopenda kusimama kidogo. Mume huyu alikuwa ametoka mgodini baada ya miaka mingi, na kurudi nyumbani kungeweza kumrudisha huko huko shimoni. Angeweza kumwambia mkewe avumilie. Hakufanya hivyo. Alikubali kurudi.

Wakati huo huo klabu kubwa ya Celtic ya Glasgow ilikuwa inatafuta mtu mzima wa kuwaongoza vijana wa timu ya akiba. Desemba 1951 ikamchukua kwa paundi 1,200. Wachezaji wa kikosi cha kwanza walipoumia, Stein akaingizwa, na baadaye akawa nahodha. Mwaka 1954 Celtic ilitwaa ligi na Kombe la Uskoti kwa pamoja. Yeye alikuwa Mprotestanti, na Celtic ilianzishwa na Wakatoliki. Marafiki wengine wa zamani walimgeuzia kisogo kwa sababu hiyo. Ni jambo la kusikitisha kwa watu wanaosoma Biblia moja.

Kifundo cha mguu kilichoumia kilimaliza mchezo wake mwaka 1957, na tangu hapo alichechemea. Akageukia ukocha. Tarehe 25 Mei 1967, mjini Lisbon, Celtic aliyoifundisha iliifunga Inter ya Italia mabao 2 kwa 1, ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya.

Tusiseme kwamba kila mume akimsikiliza mkewe atapata kombe. Jean hakujua kwamba Celtic ingewapigia hodi. Alichotaka ni nyumba iliyo salama. Ombi lake lilikuwa na haki hata kama Stein angerudi mgodini.

Tunajifunza nini? Kwanza, mume akipata kazi ya mbali au kazi ya pili, kaeni mzungumze mapema: ni siku gani ni ya familia, nani ataangalia nyumba, na ni jambo gani likitokea mtasema sasa basi. Msingoje mpaka mlango uvunjwe.

Pili, mama, ukiona mzigo umekushinda, sema waziwazi. Kununa si kusema, wala kuwalalamikia majirani si kusema. Mume hawezi kujibu asichoambiwa.

Tatu, angalieni mwili unaobeba kazi hizo. Stein alipata mshtuko wa moyo mwaka 1973. Tarehe 10 Septemba 1985, akiwa kocha wa timu ya taifa, aliugua ghafla uwanjani Cardiff mechi na Wales ilipokuwa inamalizika, akafariki usiku huo akiwa na miaka 62. Sisi wauguzi tunawaona wanaume wengi wanaokuja hospitali wakati wameshazidiwa, kwa kuwa hawakuwa na nafasi. Mshawishi mumeo akapimwe shinikizo la damu hata kama anasema hajambo. Akiwa na maumivu ya kifua au akikosa pumzi, asingoje kesho.

Jumamosi ijayo, mpira ukiisha, mweleze mumeo habari za Jock na Jean. Kisha mwulize taratibu: na sisi, mzigo wetu umekaaje?